Uzi Uliopima Safari ya Kasuku

Mimi nikikaa peke yangu naumwa. Ndiyo maana saluni niliifungulia sebuleni kwetu, si barabarani kama wenzangu. Anayetaka kusukwa apite, anayetaka maji ya kunywa apite, anayetaka kujua mke wa fulani kahamia wapi naye apite, hatatoka na njaa. Kuna viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa, televisheni ya kaka yangu ukutani, na juu ya kabati la mafuta ipo dunia. Ile dunia ya plastiki ya mashuleni, inayozunguka kwenye kijiti. Kasuku aliiokota shule yao ilipohamishwa, nami nikaona inafaa kutundikia vibanio.

Kasuku ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto bado hajaota meno, nikambeba mgongoni huku nasuka, na wateja wanasema ndiyo sababu: alijifunza umbea kabla ya kutambaa. Jina lake la cheti lipo, ila ukiliita hageuki. Anaongea akila, anaongea akioga, na usiku anagombana na watu wa ndotoni. Kwa hiyo Kasuku.

Basi huyo Kasuku ndiye aliyekuwa anaondoka. Alikuwa amepata kazi ya kulea watoto katika mji wa mbali wenye maghorofa ya vioo, mji ambao nyumbani tuliuita Kule tu, kana kwamba dunia nzima ina Kule moja. Aliyemtafutia kazi ni Bwana Mabawa. Huyo alianza kuja saluni kumsubiri mteja wangu mmoja, mara ya pili akaja bila mteja, mara ya tatu akaketi kiti cha dirishani kama kaandikiwa. Shati jeupe lisilojua mkunjo. Sauti ya chini, ya kukubembeleza. Na kila akija anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anavipanga pua zikitazama nje.

"Mtu anayevua viatu kalelewa," akasema mama yangu, yaani bibi yake Kasuku, na kesi ikafungwa hapo. Mama akishakupenda, sisi wengine hatuna kura.

Lakini mama alikuwa na swali lake. Alilibeba wiki nzima, na siku moja nyumba imejaa, mimi nina kichwa cha Mama Pacha magotini, akalitoa.

"Kule ni mbali kiasi gani?"

"Mbali, mama," nikasema.

"Mbali si jibu. Sokoni mbali, na kaburini mbali. Nikifa asubuhi, mke mwenzangu atawahi kunizika?"

Mke mwenzake ni Kasuku. Ndivyo wanavyoitana, kwa vile wote wawili wanamgombania marehemu baba yangu.

"Nitawahi, bibi," Kasuku akasema. "Ila na wewe usife siku ya kazi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nikaona bora nimpe jibu la kushika mkononi. Nikateremsha dunia kutoka kabatini, nikaipangusa mafuta, nikachukua uzi mweusi wa kusukia. Mama Pacha ndiye peke yake kati yetu aliyewahi kupanda ndege, alipompeleka mume wake hospitali ng'ambo. Mara ngapi katusimulia safari ile, hata sinia la chakula tunalijua lilikuwa na nini.

"Wewe uliruka muda gani?" nikamuuliza.

"Saa tano. Nilihesabu zote, mikono nimeng'ang'ania kiti."

Nikaweka ncha ya uzi kwetu, nikauvuta mpaka mji aliokwenda Mama Pacha, nikaukata. Ukawa sawa na kidole changu cha kati. Kisha nikakata mwingine kutoka kwetu hadi Kule. Uzi ulivuka bahari yote ya buluu ukaendelea. Nilipoulaza juu ya ule wa kwanza, ulikuwa vidole viwili na bado mkia unaning'inia.

"Kwa hiyo saa kumi," Kasuku akasema. "Na ushee. Bibi, tafadhali ufe alfajiri."

Hapo ndipo Bwana Mabawa alipotia neno kutoka kiti chake cha dirishani. "Saa tano tu, Mama Saluni. Anaruka saa tatu asubuhi, saa nane mchana yuko kule anakunywa juisi."

"Mbona uzi unasema mara mbili yake?"

Akatabasamu. Akanyoosha mkono, nikampa uzi ule mrefu. "Saa za kule si saa za hapa. Ukienda mbali, saa zinarudi nyuma. Ndege inatumia nyingi, ukitua unarudishiwa. Ndiyo maana kwenye karatasi zinaonekana tano."

"Kumbe unarudishiwa," mama akasema, ametulia. "Kama chenji."

"Kama chenji, bibi."

Nyumba nzima ikaridhika. Mtu akaanzisha hadithi ya shemeji yake aliyeshuka ndege akiwa mdogo kuliko alivyopanda, na kelele zikarudi. Mimi nilikuwa namtazama Bwana Mabawa mikono. Alikuwa anauzungusha uzi wangu kwenye kidole cha shahada, mzunguko juu ya mzunguko, anaubana, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe kama ya maiti. Hakuonekana kuumia. Alipoinuka kuondoka, uzi aliutia mfukoni.

*

Asubuhi ya safari, Kasuku aliamka kabla ya sote. Nilimkuta mlangoni na ile dunia, amechuchumaa, jua la kwanza linaingia kwa chini na kuipiga ubavuni. Alikuwa anaizungusha kwa kidole polepole.

"Shangazi, njoo uone. Hili jua, sawa? Sisi hawa hapa, ndiyo kwanza linatugusa. Sasa watazame Kule walipo." Akanionyesha. Kule kulikuwa upande wa jua linakotoka, kumeshapita kwenye mwanga zamani. "Wao wameshaamka, wameshafua, wameshagombana. Kwa hiyo wewe ukinipigia mchana wako, mimi giza limeshaingia, nimeshasema kila kitu cha siku hiyo, sina jipya."

"Wewe usiwe na jipya?"

"Ndiyo ujue nitakavyoteseka."

Nikacheka, nikamwambia aache kuchezea vibanio vyangu akavae. Jambo lenyewe nililisikia, na lilinigusa mahali, kama unapopita jikoni ukasikia harufu ya kitu kinachoungua ukadhani ni kwa jirani. Lakini watu walikuwa wameanza kuingia. Huyu kaleta kitenge, huyu kaleta nasaha, mama anataka atafutiwe miwani alie vizuri.

Bwana Mabawa alifika na gari la vioo vyeusi. Dereva hakushuka. Tulikuwa tumevaa kwenda kumsindikiza, hata kaka yangu, fundi wa mageti, alikuwa amevua ovaroli lake na kuchomekea. Bwana Mabawa akasimama katikati ya chumba na soksi zake safi.

"Nawaomba radhi wazee wangu. Siku hizi uwanjani hawataki msafara. Nampeleka mwenyewe mpaka ndani. Saa nane nitakuwa hapa, niwape habari kwamba katua."

"Hata mimi baba yake?" kaka akauliza.

"Hasa wewe, Fundi. Baba akilia mbele ya maafisa, wanadhani binti kalazimishwa."

Kaka akachomoa shati alilochomekea. Alikuwa kweli ana mpango wa kulia.

Kasuku aliingia garini anaongea. Mlango ukafungwa bado anaongea, midomo inacheza nyuma ya kioo cheusi kama samaki. Gari lilipokata kona nikampigia, kumtania tu. Simu yake ilikuwa imezimwa.

*

Saa nane mchana nyumba ilikuwa imejaa tena. Mama alikuwa ameomba aonyeshwe Kule kwenye televisheni, na kaka, ambaye kwa mpira hahitaji kuombwa mara mbili, akapata mechi iliyokuwa inachezwa kwenye mji huohuo. Basi tukakaa tunautazama mji wa Kasuku: mama mbele kabisa, Mama Pacha na nusu ya kichwa bado haijasukwa, kaka na vijana wake wawili wa karakana wamesimama, majirani wameegemea mlango.

Bwana Mabawa akaingia, akavua viatu, akavipanga. "Katua," akasema. "Salama kabisa."

Mama akapiga kigelegele, wenzake wakaitikia, Bwana Mabawa akaletewa chai kwenye kiti chake cha dirishani. Hajamaliza kikombe, simu yake ikaita. Akaitazama, akanipa mkononi kama zawadi. "Huyo hapo. Ongea naye, ila kwa ufupi, simu za kule ghali."

"Kasuku?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika salama. Mwenye nyumba ni mtu mwema. Nimepokelewa vizuri."

Kisha akanyamaza.

Nyinyi hamumjui. Mtoto huyu kwenda dukani na kurudi anakupa hadithi ya robo siku. Kapanda ndege mara ya kwanza maishani, kavuka bahari, na ananiambia maneno ya kadi ya harusi. Nikaibana simu sikioni.

"Safari ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Na huko kukoje?"

Nikasikia anavuta pumzi. Mtu alisema kitu karibu naye, sikukishika.

"Jua, shangazi," akasema taratibu. "Jua liko juu kabisa. Linawaka kama lile la hapo mlangoni kwetu. Unakumbuka lile la asubuhi?"

"Nakumbuka. Kwa hiyo huko kuna jua?"

"Basi ndiyo hilohilo."

Simu ikakatika.

Nikainua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni televisheni. Kule kulikuwa giza. Taa kubwa za uwanja zilikuwa zinawaka, wachezaji kila mmoja ana vivuli vinne, na juu ya majukwaa anga lilikuwa jeusi tii.

"Hivi huko si usiku?" mama akauliza, bila nia yoyote, kama anavyouliza kila kitu. "Mke mwenzangu kasema kuna jua?"

Bwana Mabawa akaacha kunywa. "Hiyo ni marudio, bibi. Mechi ya jana."

"Marudio wapi," kaka akasema, macho hayatoki kwenye mpira. "Pale juu wameandika mubashara, na saa ya huko ni saa moja usiku."

Nilikuwa nimesimama na simu yake mkononi, na zile hesabu zote zikajipanga zenyewe kichwani, bila kuitwa. Kule ni upande wa jua linakotoka. Wao wametutangulia, saa zao ziko mbele, hazirudi nyuma hata kidogo. Asubuhi ile, saa tatu ndege ilipotakiwa kuruka, Kule ilikuwa tayari saa nane mchana. Kwa maneno ya Bwana Mabawa, ndege ingepaa na kutua dakika ileile. Na kama kweli angekuwa hewani, kwa uzi wangu muda huu alikuwa bado katikati ya bahari ya buluu. Huyu kaja na habari ya kutua kwa saa ya ukutani kwangu, kwa sababu ndiyo saa pekee aliyowahi kuifikiria. Safari yote ilitungwa chini ya jua hili letu. Na mtoto wangu alikuwa chini ya jua hilohilo, mahali ambapo gari linafika kwa saa tano, na kuna mtu amesimama karibu anasikiliza kila analosema.

Nilitaka kumrukia Bwana Mabawa. Nawaambia ukweli, nilishaona shingo yake. Lakini yule mtu aliyesimama karibu na Kasuku alikuwa anasubiri simu ya Bwana Mabawa, na mimi sikujua wako wapi. Anayejua alikuwa mmoja tu, ameshika kikombe changu cha chai.

"Mama nawe," nikasema, nikacheka kicheko changu cha saluni, "televisheni hizi ziko gizani mchana na usiku. Bwana Mabawa, kunywa. Leo hutoki kwangu na tumbo tupu."

"Ningependa, Mama Saluni, ila nina msafiri mwingine..."

"Msafiri atangoja. Umetufikishia mtoto, unataka kuondoka kama mtu aliyeleta bili ya maji?"

Watu wakacheka, naye ikabidi atabasamu. Simu sikumrudishia. Niliitia ndani ya sidiria, na akaona, na hakuthubutu kuidai mbele ya bibi.

Nikatoka kama naendea sukari. Mlangoni nikaokota viatu vyake, nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vichwa. Kisha nikafanya kitu ambacho nakijua kuliko kitu chochote duniani: nikaita watu. Nikamwambia muuza mkaa njoo, Kasuku katua, kuna chai. Nikamwambia fundi viatu njoo na wenzako. Wanawake wa bombani nikawaambia waache ndoo. Walikuja wanafuta mikono, wanashangilia, wanauliza harusi ya nani. Mama Pacha alinifuata uani, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Akanitazama uso.

"Nini?"

"Kasuku hajapanda ndege. Pita nyuma, nenda polisi. Usipige kelele njiani."

Hakuuliza la pili. Mwanamke aliyehesabu saa tano ameng'ang'ania kiti anajua kuogopa kimyakimya.

Kaka nilimvuta sikio kama tulipokuwa wadogo. Nilipomaliza kumwambia, uso wake haukubadilika, shingo ndiyo iliyovimba. Alikwenda taratibu mpaka kwenye geti lililo mbele ya mlango, geti alilolichomelea mwenyewe. Walipokwisha kuingia wote, akalifunga, akawaacha vijana wake mbele yake, naye akaingia ndani.

Ndani hakukuwa na pa kutia mguu. Watu wameketi kwenye mapaja ya watu. Joto limepanda, shati la Bwana Mabawa kwa mara ya kwanza limeshika mkunjo. Kila akitaka kuinuka kuna mtu anampongeza, anamshika bega, anamketisha.

Nikapenya mpaka mbele yake na ile dunia na kibunda cha uzi.

"Mama haridhiki," nikasema. "Hebu mpimie wewe mwenyewe. Kutoka hapa mpaka Kasuku alipo."

Akacheka kidogo. "Tulishapima, mama yangu."

"Tulipima mpaka Kule. Sasa nataka mpaka alipo."

Hakuna aliyekuwa amesema kitu kibaya. Lakini nyumba yangu ina masikio, na maongezi yalianza kukatika, kwanza karibu nasi, kisha nyuma, kisha mlangoni, mpaka ikabaki sauti ya mtangazaji wa mpira tu. Kaka akapenyeza mkono, akaizima televisheni.

Bwana Mabawa akatazama mlango. Kati yake na mlango kulikuwa na nyuso nyingi sana, na hakuna iliyokuwa inacheka tena. Akatazama mahali alipoacha viatu.

"Mimi ni wakala tu," akasema. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. "Mimi nawafikisha, wengine ndio..."

"Vuta uzi," mama akasema.

Sijawahi kumsikia mama yangu akiongea vile. Hata mimi nilishtuka.

Bwana Mabawa akaushika uzi. Akaweka ncha kwetu, na kwenye dunia ile ya plastiki uzi wote alioutumia haukufika upana wa ukucha. Ulikomea kwenye mstari wa mpakani.

Nikatoa simu yake, nikaiwasha sauti ya nje. "Mpigie. Mwambie dereva ageuze."

Iliita mara nyingi. Kisha sauti ya mwanamume, mtu anatafuna kitu.

"Bosi, bado tupo hapahapa kwenye nyumba ya mpakani. Gari la pili halijafika. Huyu naye tangu akupigie hataki hata maji."

"Mrudishe," Bwana Mabawa akasema.

"Nini?"

Kaka akamwekea mkono begani. Mkono wa mtu anayenyanyua vyuma.

"Mrudishe nilipomchukua. Sasa hivi. Usipokee simu ya mtu mwingine."

Mtu kule akaacha kutafuna. Kisha, "Sawa, bosi," na simu ikakatika. Hakuna aliyejua hiyo sawa ilikuwa ya namna gani.

Mama Pacha alirudi na polisi wawili. Walitaka kumchukua Bwana Mabawa palepale, wakambana ataje ile nyumba ilipo, wakapiga simu kwa wenzao wa mpakani, wakaambiwa gari la vioo vyeusi limeshatoka kwenye ile nyumba, ila limeshika njia gani haijulikani. Mkubwa wao akanitazama, akautazama umati, akavua kofia akaketi. Alielewa kwamba yule mtu haondoki pale kabla ya binti kuingia.

Ni saa tano za gari. Hatukuhitaji uzi. Jua lilishuka, likaingia dirishani, likapanda ukutani, likafika kwenye ile dunia kabatini na kuiacha. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Mama alikuwa amelala macho wazi kwenye kiti cha mbele. Bwana Mabawa aliketi dirishani na soksi zake, katikati ya watu waliokuwa wakimpongeza mchana, na mara moja moja alimtazama kaka yangu, ambaye alikuwa amekwenda karakana na kurudi na kipande cha nondo, amekilaza mapajani, anakisugua kutu taratibu, hana haraka yoyote.

Kila gari lililopita nje, nyumba nzima iligeuza shingo.